Wenyeji wa Miezi Minane

Ndege wa Uroa hawaendi kwa jogoo. Vitabu vya kuangalia ndege, vingi vikiwa vimeandikwa Ulaya, humwagiza msomaji aamke kabla ya jua, avae nguo za rangi ya majani, atembee kwa kunyata. Pwani ya mashariki ya Unguja mwenye amri ni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama karibuni, bahari hupwa katikati ya asubuhi, mnamo saa nne, ikajivuta mpaka karibu na mwamba wa nje. Nyuma yake huacha uwanda wa mchanga, majani ya bahari, vidimbwi vya maji ya vuguvugu na safu za vijiti vya mwani. Mtu ana nafasi ya kunywa chai yake na kumaliza mkate wa ajemi ndipo ateremke. Siku za maji mafu uwanda ni mwembamba, na hapo ni afadhali kugeuza njia kwenda Chwaka, kwenye tope la mikoko.

Wanaoteremka saa hiyo si ndege peke yao. Wanawake wa Uroa nao wanashuka, kanga zimefungwa kiunoni, wengine na kamba na mifuko ya mwani, wengine na chuma chembamba cha kuchokolea pweza. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii ya mashariki mwaka 1989, na tangu hapo ratiba ya nyumba nyingi imefungamana zaidi na mwezi kuliko ilivyokuwa. Ukikaa chini ya mnazi ukatazama kwa jicho tupu, unaona migongo iliyoinama kila upande, mingine ya watu, mingine ya ndege. Wote wanaokota riziki kwenye mchanga mmoja, na wote wana saa chache tu kabla maji hayajarudi.

Kuna jambo nimeliona mara nyingi mpaka nimeliamini. Kitwitwi humwacha mfunga mwani apite hatua mbili tatu kutoka alipo, wala hainui kichwa. Mimi nikisimama mbali na darubini yangu, anaruka. Sidhani kama ni rangi ya shati. Anayetembea ameinama, mikono ikifanya kazi, ndege anamjua kuwa ni mwenzake wa pwani. Anayesimama wima, kimya, macho yamekazwa, ana sura ya mwindaji. Tangu nilipoelewa hivyo huwa naokota kombe tupu nikiwa natembea, na ndege wananivumilia kidogo zaidi.

Bibi mmoja aliyekuwa anakaza kamba zake alinitazama muda mrefu kabla sijamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu. Naangalia ndege."

"Kwani mjini kwenu hakuna ndege?"

"Kuna kunguru, bibi."

Alicheka mpaka akaiachia kamba. Lakini jibu lile halikuwa mzaha mtupu. Anayeishi Mji Mkongwe amezungukwa na kunguru wa Kihindi, yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu, ambaye aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kula takataka. Takataka hakuzimaliza, alimaliza mayai na makinda ya ndege wadogo wa mji. Miaka ya 1990, kwa msaada wa Finland, ikafanyika kampeni ya kuwatega na kuwatilia sumu, wakafa kwa makumi ya maelfu, na kwa muda mfupi watu wakasikia tena sauti za chozi na shorewanda kwenye bustani. Kisha kazi ikasimama, kunguru wakarudi. Kwa hiyo mtu wa mjini anayependa ndege lazima apande gari. Daladala inapita Mwera, inapita Dunga palipo magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, inashuka Chwaka, inakata kushoto kupitia Marumbi, na kadiri inavyoukaribia upepo wa bahari ndivyo kunguru wanavyopungua angani. Hawajaisha, nao wameshajua kwamba palipo na hoteli pana mabaki ya chakula.

Bibi yule hakujua majina ya vitabuni, wala hakuyahitaji. Alijua kwamba sululu, mkubwa wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda kwa chini, ni mshindani wake wa kaa, kwa kuwa mdomo ule unafika ndani ya shimo ambako kidole hakifiki. Alijua yupi hupindua mawe na mabaki ya mwani kutafuta wadudu, na yupi hukimbia hatua chache, akasimama ghafla, akasikiliza, akakimbia tena. Na alijua kalenda yao. Wale wadogo wanaotembea kundi, alisema, karibu wataanza kuwa wekundu, na wakishakuwa wekundu "hatutawaona tena mpaka kusi lishike nguvu."

Hilo la wekundu ndilo linalonirudisha Uroa kila masika yanapokaribia.

Nyuma ya kijiji, kwenye nyasi ndefu na makonde, kuna ndege mdogo wa jamaa ya mnana ambaye kwa sehemu kubwa ya mwaka hana sura ya kutazamwa: kahawia, michirizi, dume na jike huwezi kuwatofautisha. Kwa Kiingereza jina lake limebeba jina la Zanzibar, ingawa yupo pia kwenye pwani ya bara, toka Kenya mpaka Msumbiji. Mvua ikishika, dume anageuka. Kichwa na mgongo vinakuwa vyekundu vya kuwaka, kifua na tumbo vinakuwa vyeusi ti, na anapanda juu ya bua la nyasi akajitunisha mpaka anaonekana mkubwa mara mbili ya alivyo. Kazi yake ni kujenga, kugombana na majirani na kutafuta majike. Haendi popote.

Siku hizo hizo, mwendo mfupi tu kutoka hapo, pwani, kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo naye anaanza kugeuka. Tangu Septemba alikuwa wa kijivu juu na mweupe chini, hata ukimtazama kwenye mchanga wenye maji unampoteza. Mwishoni mwa Machi mabaka ya rangi ya tofali yanatokea kifuani, na kufika nusu ya pili ya Aprili wapo waliokwisha kuwa wekundu kuanzia usoni mpaka tumboni. Wanakula bila kupumzika, wananenepa, wanachachawa. Wekundu wa shambani ni wa kukaa; huu wa pwani ni wa kuondoka.

Watu wa kaskazini wana msimu wanaoungoja kwa hamu, theluji inapoyeyuka na miti kuchipua, nao hupeana habari nani kamwona mbayuwayu wa kwanza. Kwetu wakati huohuo habari, kama kuna wa kuipokea, ni nani kamwona wa mwisho. Mbayuwayu tunaowaona miezi ya kaskazi wamejipanga kwenye waya za umeme za Uroa wanatoweka siku chache baada ya mawingu ya masika kuanza kupanda. (Waya hizo zimeandikiwa kitabu kizima: mwanaanthropolojia wa Norway, Tanja Winther, alikitoa mwaka 2008, juu ya umeme ulivyobadilisha maisha ya kijiji hiki. Mbayuwayu walikuwa na maoni yao mapema zaidi.)

Kitwitwi mwekundu anakwenda Siberia, kwenye nyanda za baridi za rasi ya Taymyr na jirani zake. Ukipima kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 10,000 kutoka Unguja, na yeye ana gramu 60 hivi wakati hajanenepa kwa ajili ya safari. Anafika theluji ikiwa bado haijaisha. Jike anataga, kwa kawaida mayai manne, kwenye kitundu cha ardhini, na analea peke yake: dume huondoka jike akiwa bado ameatamia, mapema Julai. Dume basi hakai Siberia hata miezi miwili. Jike naye huondoka makinda yakishapata nguvu, na makinda hufuata mwisho kabisa, wiki kadhaa baadaye, bila mkubwa wa kuwaongoza. Agosti wazee wako pwani zetu. Septemba na Oktoba vijana wanaingia, hawajawahi kufika, hakuna aliyewaonyesha njia, na wanatua kwenye mchanga uleule.

Wangapi watafika, hilo linaamuliwa na panya. Huko Taymyr kuna panya wa nchi za barafu, lemingi, ambao idadi yao hupanda na kushuka kila baada ya miaka michache. Mwaka wakiwa wengi, mbweha wa barafuni wanashiba panya na kuyaacha mayai ya ndege. Mwaka wakiwa wachache, mbweha wanageukia viota. Watafiti waliokuwa wakihesabu ndege wa pwani huko Langebaan, Afrika Kusini, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba wingi wa vijana wanaofika kusini unapanda na kushuka pamoja na mizunguko ya panya hao. Nikiona Uroa mwezi wa Oktoba kundi lisilo na kijana hata mmoja, huwa nawafikiria mbweha wenye njaa mahali ambapo sitafika maishani.

Vitabu husema kwamba ndege huyu ni wa Siberia, na kwamba Afrika huja kupitisha baridi. Mimi naona hesabu hiyo imepinduka. Baridi gani? Januari saa saba mchana, mchanga wa Uroa unachoma nyayo. Ndege anayekaa nasi toka Septemba mpaka Aprili, akala kwetu, akabadilisha manyoya yake ya mabawa kwetu, akajua kila kidimbwi na saa yake, ni mgeni kwa kipimo kipi? Mwanamke wa Kiunguja mimba yake ya kwanza ikikaribia, hurudi kwao kwa mama yake, akajifungulia huko, akamaliza arubaini, kisha akarejea kwa mumewe. Hakuna mtu aliyepata kusema kwamba kwa mumewe alikuwa anapitisha majira. Kitwitwi anakwenda kujifungua, basi. Makazi yake ni haya.

Sisemi hivi kwa kutaka kuwanyang'anya watu wa Siberia ndege wao. Nasema kwa sababu anayehesabiwa mgeni hadaiwi na wala hadai. Tukimwita mpita njia, uwanda anaokula unakuwa mahali patupu panapongoja mtu wa kupajenga.

Kuna hadithi nzuri inayosimuliwa juu ya ndege hawa, kwamba wanakuja na pepo za kaskazi kama majahazi ya zamani na kurudi na kusi. Nusu yake ni kweli. Kuondoka kwao mwishoni mwa Aprili kunaangukia siku ambazo kusi limeanza kushika, na upepo wa mgongoni hakuna anayeukataa. Lakini kuja? Jahazi lililotoka Arabuni lilingoja kaskazi, Desemba au Januari. Kitwitwi na sululu wanatua Agosti, kusi lingali kali, miezi mitatu minne kabla jahazi la kwanza halijatia nanga Malindi ya Unguja. Ndege hangojei msimu wa mabaharia. Anapanda juu, anatafuta tabaka la hewa linalomfaa, anakuja. Bibi wa Uroa alikuwa sahihi kuliko hadithi: wanarudi kusi likiwa na nguvu.

Kwenye uwanda huohuo, siku ya bahati, utamwona mwingine ambaye si wa Siberia hata kidogo. Ni mkubwa, mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene kuliko unavyotarajia kwa ndege wa pwani. Chakula chake ni kaa, na mdomo ule ni wa kuvunjia. Anazalia Oman, Falme za Kiarabu, Iran, pande za Bahari ya Shamu na Somalia, kwa namna isiyofanana na ndugu zake wowote: anachimba handaki mchangani, anataga yai moja jeupe ndani yake, na joto la mchanga uliopigwa na jua linamsaidia kuliatamia. Kuna kishawishi hapa cha kuandika juu ya udugu wa Oman na Zanzibar. Wengine wameshaifanya kazi hiyo, tena vizuri. Kinachonivuta mimi ni kinda lake. Linafunga safari pamoja na wazazi, na likishafika Afrika Mashariki bado linaomba chakula. Miezi baada ya kuzaliwa, kwenye pwani isiyo ya kuzaliwa kwake, utaliona limejikunyata mbele ya mkubwa na kulia mpaka limepewa kaa. Watu husema kila ndege huruka na ubawa wake. Kinda la kitwitwi lingekubali. Hili la mla kaa lingeomba kwanza limalize kula.

Anayetaka kuwaona wala kaa hawa kwa makundi makubwa zaidi aende Mida, karibu na Watamu, Kenya, ambako watu wa A Rocha Kenya wamekuwa wakiwavisha ndege wa pwani pete na kuwahesabu. Kwetu kazi ya namna hiyo imekuwa ya mtu mmoja mmoja na ya vipindi. Orodha ninayoirejea bado ni ya R. H. W. Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni ambaye mwaka 1937 alimpa jina la kisayansi bundi mdogo wa Pemba, na ambaye orodha yake ya ndege wa Unguja na Pemba ilichapishwa mwaka 1979. Watalii wanaotaka viumbe wanapelekwa Jozani, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, na wanarudi na picha za kima punju. Siwalaumu. Kima punju anakaa akapigwa picha. Kitwitwi wa kijivu juu ya mchanga wa kijivu anataka mtu mwenye subira au mtu mwenye kazi nyingine ya kufanya pale.

Na wanapungua. Oktoba 2024 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili uliwapandisha daraja la hatari ndege wa pwani wanaohama wa aina 16. Miongoni mwao yumo kitwitwi wetu mwenye mdomo uliopinda, yumo yule anayekimbia na kusimama, na yumo mpindua mawe, ndege ambao mfunga mwani wa Uroa anawapita kila bamvua bila kuwageukia. Mwaka uliofuata umoja huohuo ukatangaza kwamba sululu mwenye mdomo mwembamba, aliyekuwa akizalia Siberia na kuhamia nchi za Mediterania, ametoweka duniani. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa Morocco, mwaka 1995. Alipita miaka thelathini akiwa orodhani, watu wakimtafuta kwa darubini kwenye kila kundi la sululu, na hayupo.

Sababu ni nyingi na haziko mahali pamoja: tope linalofukiwa kwa ujenzi, uwindaji, majira ya Siberia yanayovurugika. Uroa haiwezi kuwatengeneza lemingi. Inachoweza ni kitu kidogo, na ni cha saa za maji kujaa. Hapo ndipo watu wengi hawaangalii, kwa kuwa uwanda umefunikwa na hakuna cha kuonekana. Ndege wote waliokuwa wametawanyika wanasogezwa na maji hatua kwa hatua mpaka wanabanana kwenye kipande cha mchanga mkavu, wamesimama mguu mmoja, wakisubiri. Wakifukuzwa na mbwa au na pikipiki zinazoshindana ufukweni, wanapaa na kuzunguka na kuchoma mafuta ambayo Aprili ni ya safari. Mtoto mwenye ulimbo akinasa mmoja, huyo ni mmoja. Kipande cha mchanga kikijengewa ukuta mpaka majini, ni kundi zima, kila siku, mara mbili. Kukiacha kipande kimoja bila taa na bila viti hakuhitaji mradi wala wafadhili. Kunahitaji watu wa kamati ya kijiji wajue ni kipi, na wafunga mwani wangeweza kuwaonyesha kesho asubuhi.

Mwezi wa Mei ukiingia, anayeangalia ndege kwa kalenda ya vitabu anafunga darubini yake kwenye mkoba. Mvua zinamsaidia kuamua. Lakini Juni, kipupwe, mbingu zikiwa safi na kusi likirusha mchanga, teremka tena siku ya bamvua. Watakuwepo wachache, hakuna mwekundu hata mmoja: vitwitwi, sululu, pengine wala kaa wawili watatu. Ni vijana waliofika Oktoba. Wengi wa ndege hawa mwaka wao wa kwanza hawaendi kuzaa. Hawajafika umri, na safari ni gharama. Kundi limeondoka, wao wamebaki Uroa na uwanda wote ni wao na wa wanawake. Nilimwuliza bibi kama anawajua hawa wanaobaki. Alisema anawajua, ndio hao wasumbufu, wamezoea mpaka wanapita katikati ya kamba zake, na kwamba kama nina mikono mitupu nimshikie upande ule wa kigingi.